Baruti ya Baba Mkwe

Kila Jumamosi tulikutana kwa baba mkwe, mtaani Bel-Air, kujaza baruti kwenye maganda ya risasi zake za shabaha. Alikuwa mstaafu wa reli, ana bunduki moja yenye kibali, na sheria moja: mizani ya baruti ikifanya kazi, hakuna kuongea. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimezaliwa na haraka. Ukimya ule uliniwasha kama upupu.

Miaka yote alitumia vichwa vyepesi vya risasi na baruti inayoungua upesi. Kila Jumapili, kwenye uwanja wa klabu ya shabaha, matundu yake yalitawanyika kwenye karatasi, naye akalaumu upepo. "Ni mupepo," alisema. Alikuwa anataka kitu kimoja tu kabla macho hayajamwishia: matundu matano yanayofunikwa na kizibo kimoja cha chupa ya bia.

Siku ya Pasaka, nikisafisha bunduki yake, nilimulika ndani ya mtutu nikaona mistari yake ya kuizungusha risasi imejipinda sana. Nikafungua kitabu cha vipimo vya risasi. Tangu hapo sikuweza kutulia. Mtutu ule ulichongwa kwa vichwa virefu na vizito, na kichwa kizito kinataka baruti inayoungua polepole, inayokisukuma badala ya kukipiga teke. Upepo wa watu ulikuwa unasingiziwa bure.

Lakini kwetu Wakasai, humsahihishi baba wa mke wako, tena mezani kwake. Nilimwomba mke wangu akamwambie. Alicheka sana.

"Weye njo mwalimu ya kemia," akasema. "Enda useme weye mwenyewe."

Sikwenda. Nilitafuta baruti ya polepole na vichwa vizito, nikaanza na kipimo cha chini kabisa kitabuni, nikajaza risasi tano nyumbani kwangu. Nilizitia alama nyekundu zisichanganyike na zake. Kila moja niliipima mara mbili.

Jumapili alipiga zake tano. Zikatawanyika. Akanipa bunduki kama kawaida, nami nikapiga zangu kwenye karatasi mpya. Kwenye darubini niliona tundu moja tu, nikadhani nne zimepita nje ya karatasi. Nilitaka kulia. Tulipofika kwenye shabaha, zote tano zilikuwa pale, zimelaliana kama watoto kwenye kitanda kimoja.

Nilifurahi sana. Kisha aibu ikanishika: nimemshinda mkwe wangu, kwa bunduki yake. Nikabandua karatasi, nikaanza kuikunja.

"Leta iyo karatasi," akasema.

Akatoa kizibo mfukoni. Kumbe alikuwa anatembea nacho. Akakiweka juu ya matundu, yote yakafichika.

"Uliweka nini mule?"

Nikamwambia yote, mtutu, vichwa, baruti, bila kupumua.

"Unajua toka lini?"

"Toka Pasaka, Papa. Nilishindwa kusema. Papa iko bukwe yangu."

"Zimebaki ngapi?"

"Hakuna, Papa. Nilijaza tano."

Akakirudisha kizibo mfukoni.

"Miye nilikupatia mutoto yangu," akasema. "Weye unaninyima baruti?"

Hatukungoja hata chakula cha klabu; alitembea mbele yangu hadi kwenye gari, karibu anakimbia. Tulipofika kwake Bel-Air, alinikalisha kwenye kiti chake, akasogeza mizani pembeni bila kuiwasha, akachukua kalamu.

"Sasa," akasema, "ongea."