Mguu wa Kiti Mgongoni

Kitani kikiingia maji ya moto kinanuka kama uji mwepesi uliosahauliwa jikoni, na ndani ya harufu hiyo kuna nyingine ndogo, ya karatasi ya zamani. Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya karakana yangu hapa Rosettenville, namtazama Papa Muteba, fundi wangu wa kuvisha masofa, akizamisha jora zima la kitani kwenye pipa. Mimi nilitaka akate palepale. Mteja alikuwa anasubiri, na mteja mwenyewe wa Randburg, watu ambao hawajazoea kusubiri. Lakini Muteba ni mtu wa Lubumbashi, hapelekeshwi.

"Patron," akaniambia, "hiki kitambaa kikipata mayi kinarudi. Tukikata leo, siku ile madame atafua, sofa yake itabakia kama mutu mukubwa amevaa suruali ya mutoto. Tufue kwanza, njo tukate."

Kinarudi, yaani kinajikunja, kinapungua. Hilo nalijua, nisiwe muongo, lakini nilikuwa nalijua kama unavyojua jina la mtaa ambao hukai. Mimi kazi yangu mbao. Basi nikavuta ile harufu, kichwa kikaondoka, kikaenda mpaka flati yetu ya Joubert Park, na nikaanza kupiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Kaa vizuri nikueleze, maana kisa hiki nimeshawasimulia watu wengi sana, na wote niliwasimulia nusu.

Kwanza unijue. Naitwa Bakari. Kwa kuzaliwa ni mtu wa Tanga, kwa mambo mengine yote ni mtu wa Johannesburg. Shule niliiacha darasa la saba na sioni nilichokosa. Leo jina langu liko mlangoni kwa herufi unazozisoma ukiwa bado umesimama kwenye robot, taa za barabarani. Meza zangu ziko ndani ya nyumba ambazo wewe getini tu wangekuuliza unatafuta nini. Vijana wenye vyeti vya chuo wanakuja kuniomba kazi, nawapa ufagio kwanza, nione wanavyoushika. Na mteja akiniuliza ufundi huu niliusomea wapi, jibu langu lilikuwa moja: wenzangu walisomea viti, mimi nilivaa kimoja.

Baba yangu, Mzee Salimu, alikuwa seremala wa karakana moja ya zamani karibu na stesheni. Ilianzishwa na babu wa bosi wake wakati mji huu bado mchanga, watu wanachimba dhahabu mchana na kutafuta kitanda cha kulalia usiku. Tangu siku hizo, kila kiti, kabati na kitanda kilichotoka pale kilichorwa kwanza, kwa ukubwa wake halisi, juu ya kitambaa chembamba cha rangi ya samawati kilichopakwa wanga mpaka kikawa kama karatasi ngumu. Mistari myembamba kama unywele, mikunjo ya miguu, mahali ulimi wa mbao unapoingia kwenye tundu lake, vyote vimechorwa na mtu asiye na haraka. Kisha mchoro unaviringishwa kuwa gombo, unapigwa nambari, unawekwa darini. Bosi alikuwa akijisifu kwamba kiti chochote kilichowahi kutoka mlango ule kinaweza kutoka tena.

Mwaka mmoja mvua ilitoboa paa la karakana. Bosi akawagawia mafundi anaowaamini magombo wakayaweke makwao mpaka paa lizibwe. Baba akaja na lake furushi, akalisukuma chini ya kitanda, akanawa, akala, akalala. Hakusema neno. Ndivyo alivyokuwa. Kila siku alikuja na kitu kutoka kazini, vipande vya mbao, misumari iliyopinda, makopo ya vanishi, na mama alijua la kukifanyia bila kuambiwa.

Mama alikuwa akishona pale pale flatini, cherehani imeegemea dirisha. Sikukuu ya Idi ilikuwa inakaribia na mimi sikuwa na kanzu. Ya Tanga ilikuwa imefika magotini. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Furaha, alikuja kuazima chumvi, akaliona gombo limechungulia kitandani. Akalisugua kwa kidole.

"Mama Bakari, hii haiko karatasi," akasema. "Iko kitambaa, tena ya bei. Baba yangu alikuwa anatumika ku gare ya treni ya Lubumbashi, wazungu walikuwa wanatupa hivi vitu. Mama yetu alikuwa anachemsha tu, wanga inatoka na wino yake. Siye wote tulibatizwa mu michoro ya reli."

Wakachemsha gombo moja, la juu. Nakumbuka sufuria kubwa ya pilau, maji yakigeuka buluu, halafu kijivu, na ile harufu ya uji ikijaa mpaka kwenye ngazi, watu wa juu wakauliza tunapika nini. Kilichotoka kilikuwa kitani cheupe, laini, chepesi, cha kumvisha bwana harusi. Mama akashona kanzu mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaiweka nakshi shingoni kwa uzi wa hariri. Niliivaa nikajiona mtoto wa tajiri, na hiyo hali, kwa kweli, haijanitoka mpaka leo.

Ila wino haukutoka wote. Mgongoni, kutoka bega la kulia mpaka kwenye pindo, ulibaki mstari wa kijivu wenye mkunjo kama shingo ya bata: mguu wa nyuma wa kiti na egemeo lake. Kwenye mwanga mdogo huuoni. Kwenye jua la uwanja wa sala ya Idi, safu nzima nyuma yangu iliuona. "We Bakari," akanong'ona Juma, mtoto wa mwenye duka la spaza, tukiwa bado tumekaa, "ukirukuu tu mimi nakukalia." Watoto wakabana vicheko mpaka imamu akakohoa.

Idi ikapita. Siku hizohizo akatokea karakana mama mmoja wa Kizungu mwenye meza. Walikuwa wadada wawili. Mama yao alipofariki, mdogo alirithi meza na mkubwa akarithi viti vyake, na tangu matanga walikuwa hawasemeshani. Mdogo sasa alitaka viti vilevile vitengenezwe upya. Mkubwa, aliyekuwa akikaa Randburg, alikataa hata vipigwe picha. Nambari ya seti ilikuwa imegongwa chini ya meza. Bosi akaangalia, akatabasamu, akamwambia baba alete gombo la nambari ile kutoka nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa. Mimi nimerudi msikitini na kanzu yangu. Baba aliingia, akatoa furushi, akaanza kuyakunjua magombo sakafuni moja baada ya jingine. Alipomaliza akaanza upya. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Kisha akanishika mabega, akanigeuza, mgongo wangu ukamtazama baba.

Sikuona uso wake. Nilisikia tu magari ya chini.

"Sikujua, baba Bakari," mama akasema. "Wewe unaleta mbao nyumbani, maneno unayaacha kazini."

"Bosi kasema michoro ile ndiyo kampuni," baba akajibu. "Anayepoteza mmoja aende zake."

Aende zake maana yake ilikuwa Tanga, sisi wote, kwa sababu kibali chetu cha kukaa nchi hii kilisimama juu ya kazi ile. Hilo hata mimi nililijua. Mama hakula jioni ile. Siku ya pili yake aliivua cherehani uzi, akaifunika kwa khanga, akawa anakaa nayo bila kushona. Akiguswa anasema anaumwa kichwa.

Jumapili baba alitoka mapema. Alisema anakwenda Randburg kumsalimia mtu wa nyumbani, Mzee Hamisi, mpishi kwenye nyumba moja ya huko. Nilishangaa, maana baba hakuwa mtu wa kusalimia. Alirudi alasiri, viatu vina vumbi, na shingoni kavaa kamba ya katani yenye mafundo, mengine yamekaribiana, mengine yako mbali. Nikamuuliza ya nini. "Ya mbuzi," akasema. Nami nikakaa nasubiri mbuzi.

Palepale akaniamuru nivae kanzu, akanipandisha juu ya kigoda karibu na dirisha. Akapiga magoti nyuma yangu na futi yake ya mbao, penseli sikioni, ubao wa plaiwudi ukutani. Akaanza kunipima. Si mimi, ule mstari.

"Simama wima. Kiti hakipumui."

"Kinawasha, baba."

"Kiti hakiwashwi. Mama Bakari, njoo unishikie pindo, huyu anacheza."

Mama akaja polepole. Akapiga magoti naye, akashika pindo la kanzu kwa vidole vya mikono miwili. Baba akawa anapima, anaandika, anapima tena, anaguna kama mtu anayesoma barua nzuri. Mwishoni akasema, "Ungetia sabuni zaidi tungekwisha. Lakini mstari umebaki wote. Hakuna kilichopotea."

Mama alimtazama kitambo. Halafu akacheka, kicheko chake kile cha puani, cha kwanza tangu Ijumaa, akasema mtoto wake amekuwa fenicha. Kesho yake cherehani ililia tena.

Baba akamchorea bosi mchoro mpya kwenye karatasi ya kaki, akamwambia ule wa zamani uliingia maji, na hapo hakusema uongo. Bosi akafoka, kisha akautazama mchoro, akaupiga nambari. Viti vikatengenezwa. Siku vinakabidhiwa nilikuwepo, kwa sababu sikukubali kuachwa. Vilikuwa viti vyangu. Yule dada mkubwa naye akatokea, amekasirika, amekuja na kiti chake ndani ya gari kuonyesha kwamba vipya ni takataka. Kikashushwa, kikachanganywa na vya baba. Akavizunguka. Akakaa kwenye kimoja, akakaa kwenye kingine. Mwishowe ikabidi kila kiti kipinduliwe kutafuta muhuri wa zamani, ndipo akakijua chake. "Eish," akasema fundi mmoja, yule dada mdogo akaanza kucheka, na mkubwa mwenyewe akashindwa kujizuia.

Aliyekishusha kile kiti garini alikuwa Mzee Hamisi, yule mtu wa nyumbani. Nikangoja wasalimiane na baba. Walipeana mkono kama watu wanaoonana kwa mara ya kwanza. Nikajua wamegombana.

Ndivyo nilivyokuwa nikisimulia: kiti kilipotea duniani, kikabaki mgongoni kwangu tu, kikatolewa hapo. Wateja wanakipenda kisa hiki. Wengine wamenunua meza kwa sababu yake.

Basi siku ile ya pipa la Muteba nikaenda nyumbani. Mama nakaa naye, baba tulishamzika. Nikaomba ile kanzu, maana anaitunza sandukuni. Kiti kimoja cha vile vya baba ninacho, nilikinunua nilipopata uwezo. Nikailaza kanzu juu ya mguu wa nyuma wa kiti, bega kwa bega. Mstari uliishia juu ya unyayo wa kiti, ukapungua upana wa vidole viwili. Kiti kilichopimwa kwenye kanzu ile kingekuwa kifupi, na yule dada angekijua akiwa bado ndani ya gari. Vipimo vilitoka kwenye viti vya yule dada mkubwa, kwa mlango wa jikoni wa mpishi wake Mzee Hamisi, vimefungwa mafundo kwenye kamba ya mbuzi. Baba alikuwa nacho kiti kizima shingoni kabla hajanipandisha kigodani. Alipiga magoti kwa ajili ya mama tu, aione kanzu yake haijaharibu kitu.

Nilikaa pale sakafuni, mwanaume mzima mwenye karakana. Nikawaza nimfiche mama. Nikaanza kuikunja kanzu.

"Umekuta imepungua," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nikamtazama.

"Kitani mimi nilikichemsha kabla sijakikata, mwanangu. Mimi fundi cherehani. Unadhani sikujua kimerudi?"

"Sasa mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie nini, kamba ya mafundo nimeiona shingoni, na mtu ameshapiga magoti?" Akanyoosha mkono, akaichukua kanzu, akaikunja upya kwa sababu niliikunja vibaya. "Nikashika pindo."

Kwa hiyo chumbani mle, siku ile, wawili walijua. Asiyejua alikuwa yule aliyesimama juu ya kigoda.