Yaya Alivyokula kwa Jirani

Mwezi uliopita yaya, dada yangu mkubwa, alinialika mchana kwenye restora ya Kijapani anakopika, hapa hapa Lubumbashi, katikati ya mji. Rafiki yangu, sijawahi kula namna ile. Huagizi kitu. Unaketi, wanakuletea kibakuli cha supu nyepesi. Ukimaliza wanakiondoa, kinakuja kipande cha samaki juu ya jani, kisha uyoga, kisha kingine, hadi vyakula tisa, kila kimoja kidogo kama cha kumwonjesha mtoto. Kufikia cha tatu nilikuwa nimerudi komini ya Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, nina miaka tisa, nachungulia uani kwa jirani, na wivu unanichoma.

Jirani yule alikuwa mpishi wa mainjinia Wajapani waliokuja kwa kazi ya mgodi. Jumapili, tukitoka kanisani, sisi tulirudi kwenye bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, moshi wa makala ya kupikia, mchi wa mama ukigonga kinuni. Yeye alijizoeza vyakula vya mabwana wake, akahitaji mtu wa kumwonjea. Alimwita yaya. Alimtandikia kitambaa cheupe kwenye kijimeza, akamletea visahani kimoja kimoja, akasimama kungoja kana kwamba yaya ni mke wa mkurugenzi. Yaya alitafuna polepole, kisha akasema chumvi imezidi, au tangawizi imemfunika samaki. Jirani alitikisa kichwa kwa heshima, akarudi jikoni kurekebisha.

Siku moja nilijipeleka mwenyewe. Nilimaliza kisahani kabla hajageuka. Aliniuliza nimesikia nini mdomoni. Nikajibu, tamu. Akacheka kwa upole, akamwambia yaya, "Uyu anamezaka tu."

Hakuniita tena.

Maneno hayo yalinikaa wiki nzima. Jumamosi, nikichambua sombe na mama, nilimwambia kwamba jirani anamlisha yaya samaki mbichi. Ulikuwa uongo; nilimwona kwa macho yangu akimchoma samaki yule juu ya babula, jiko lake la makala. Mama hakuuliza mara mbili. Alimkataza yaya kukanyaga kwa jirani. Jumapili iliyofuata tulikula bukari sote, nami nikashiba kuliko siku zote.

Sasa, baada ya chakula cha tisa, yaya alitoka jikoni na aproni yake, akaketi mbele yangu. Nikamweleza yote. Alikunja kitambaa cha mezani taratibu.

"Nilijuaka. Mama aliniambia siku ileile."

Nikamwomba msamaha. Akasema hakuna neno, kwa kuwa hakuacha kwenda. Kila Jumatano, baada ya masomo, alipitia mlango wa nyuma, na jirani akamfundisha kukata samaki, kupika wali, kupanga sahani. Miaka miwili mizima. Nilimuuliza mbona hakuniambia wakati ule.

"Ungetaka kufuata," akasema.

Wajapani wale waliondoka kabla sijamaliza shule. Jirani alifariki, na uani kwake leo kuna depo ya saruji. Mama naye hayupo. Ungedhani nilirudi nyumbani na aibu tu. Aibu ilikuwepo. Lakini kilichoninyima usingizi ni zile Jumatano: vicheko vyao, harufu ya wali, mikono ya yaya ikijifunza. Nilidhani nimeyaua yote kwa ulimi wangu. Kumbe yaliendelea, matamu zaidi, bila mimi.