Kamera Iliyonyamaza Bwawani

Kama kuna kazi inayochosha roho kuliko kukaa garini bila ruhusa ya kukohoa, mshona nguo huyu alikuwa bado hajaiona. Jumamosi asubuhi watu wamelala, yeye yuko kiti cha mbele cha gari lililozimwa, kando ya bwawa la maji ya mji, anamlinda mumewe. Mume mwenyewe, fundi saa mstaafu, anapiga picha za ndege. Na ndege, kwa taarifa yako, haogopi gari. Kwake gari ni jiwe tu. Lakini thubutu kufungua mlango, toa kichwa kidogo tu, basi tena, ndege utamwona kesho.

Kwa hiyo gari lile lilikuwa na sheria zake. Kioo kinashushwa nusu kabla hawajafika, kifuko cha mchele kinalazwa juu yake, lenzi inalala juu ya mchele isitikisike. Hakuna kuzungumza. Hakuna kupekua begi. Juisi na biskuti vinakaa kwenye buti, maana bwana mkubwa anasema karatasi ya biskuti inapiga kelele kama bati. Mkewe alishabishana naye mpaka mate yakamkauka. Mume ana kisukari, anajidunga sindano kila asubuhi, na mwezi uliopita sukari ilimshuka akaanguka bafuni. Daktari alisema asitoke peke yake, na kitu kitamu kikae karibu naye.

"Kwani buti liko mbali?" fundi aliuliza. "Si hapo nyuma tu?"

"Ni hapo nyuma ukiwa mzima, baba watoto. Ukizimika je?"

Wapi! Alikuwa anampigia mbuzi gitaa.

Basi siku hiyo mdiria akaja. Ni ndege mdogo wa buluu, mdomo mrefu, anayepiga mbizi na kuibuka na samaki. Fundi alikuwa amemvizia miezi na miezi. Ndege akatua kwenye kijiti karibu kabisa na gari. Fundi akaganda, jicho kwenye kamera, kidole juu ya kitufe.

Mkewe naye akaganda, ila roho yake ilikuwa juu juu. Mtu akitulia hivyo, utajuaje kama anavizia au anazimika? Akamchungulia kwa pembe ya jicho. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Joto? Joto gani, na upepo wote huu wa asubuhi? Akanyoosha mkono amguse bega, akaurudisha. Akimgusa bure na ndege akaruka, atanuniwa wiki nzima. Ee Mungu wangu, alijisemea, nifanyeje mimi?

Mdiria akajitosa majini, chubwi! Akaibuka na samaki anayemeremeta, akarudi kijitini, akampigiza huku, akampigiza kule, kisha akamrusha juu kidogo na kummeza. Ndiyo picha yenyewe ambayo fundi alikuwa akiiota.

Kamera haikulia.

Mke alisubiri ule mlio aliouchukia siku zote, na haukuja hata mara moja. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa, unatetemeka. Akamwita. Mume akageuka na macho yasiyomjua mtu.

Akausukuma mlango kwa bega na kutoka mbio, na sheria ikaruka pamoja na ndege wake. Buti likagoma. Lile buti halifunguki bila kupigwa ngumi mahali pake, na kwa hofu aliyokuwa nayo ngumi zilikuwa zinakosea. Akalitukana matusi ambayo wateja wake hawajawahi kumsikia nayo, akalipiga teke, likafunguka. Akarudi na chupa, akamwinua mume kidevu, akamnywesha juisi kidogo kidogo, nyingine ikimwagikia mchele, huku anamgombeza, anambembeleza na kumwomba Mungu, yote kwa pumzi moja.

Akameza. Akameza tena. Ikachukua muda, lakini macho yakarudi.

"Ndege yuko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Kaenda zake."

"Aa, jamani! Nilikuwa naye kabisa. Mikono ilianza kutetemeka palepale alipotua, nikasema ngoja kwanza, apige mbizi, nimpate, ndiyo nikwambie."

Mkewe alikuwa anafunga chupa. Mkono ukasimama. Kumbe alijua! Haikumvamia ghafla, aliihisi, akanyamaza makusudi, na mkewe yuko hapo pembeni anakufa kwa wasiwasi.

"Ulijua sukari inashuka," alisema polepole. "Ukakaa kimya."

"Dakika moja tu, mke wangu."

"Ungeniacha mjane kwa ajili ya kindege?"

Jicho la fundi, bila mwenyewe kutaka, likachomoka kidogo kwenda kule kwenye kijiti, kutazama kama mdiria amerudi, na mkewe akaliona.