Lenga-lenga za Madame Odile

Mkono ndio ulionipeleka Ufaransa. Kwa miaka kumi na minane nilisuka vichwa vya watu katika saluni ya mtaa wa Yeoville, Johannesburg, na mwanzoni mwa mwaka 2017 kifundo cha mkono wangu wa kulia kilianza kuvimba kila jioni kama andazi. Daktari wa kliniki alikibonyeza, nikaruka, akasema, "Mama, kazi ya kusuka basi."

"Basi mpaka lini?"

"Basi."

Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo Mwalimu Wanjiru, Mkenya, mkuu wa shule ndogo ya msingi kule Observatory. Alijua kwamba nalima mboga nyuma ya kanisa letu, kwa sababu kila nilipomsuka alirudi nyumbani na fungu. Nilipompa habari ya daktari, aligeuza kichwa chini ya kitana changu, akasema shule yake inatafuta mtu wa kufundisha watoto bustani. Shida ilikuwa kamati ya wazazi. "Hao wanataka cheti, Mama Furaha. Hawataki kusikia mambo ya nyuma ya kanisa."

Njia ya kukipata aliitafuta mwenyewe. Rafiki yake wa chuo, aliyesoma naye Kifaransa, aliolewa Ufaransa, na jirani wa rafiki huyo, Madame Odile, alikuwa na bustani kubwa ya zamani huko mashambani. Kila kiangazi alipokea mtu wa staji, yaani wa kujifunza kazi kwa kuifanya: unapewa chumba na chakula, na ukimaliza vizuri unaandikiwa cheti. Nikatuma maombi kwa Kifaransa nilichosomea Bukavu, kwetu Kongo. Niliandika kwamba mimi ni mtaalamu wa bustani. Katika ukurasa mmoja niliandika hivyo mara tatu.

Mwezi wa Mei, Johannesburg. Dirishani pa viza, bwana mmoja aliangalia karatasi zangu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi.

"Mama, una miaka arobaini na mitatu. Unakwenda kuwa mwanafunzi?"

"Sijachelewa, baba," nikamwambia. "Mkono ndio umewahi kuzeeka."

Alicheka, akagonga muhuri. Akina mama wa kanisa walichanga nauli, kwa hiyo kila mmoja wao alijiona ni mwenye safari. Mmoja alinifundisha namna ya kukaa ndegeni, ingawa yeye alikuja Afrika Kusini kwa basi. Mimi nilishughulika na sanduku. Nilitia chupa ya mafuta ya mawese, nikaifunga kwa mifuko mitano ya plastiki na kitenge juu yake. Binti yangu Furaha, ambaye amezaliwa hapa, ananielewa ninaposema Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, alinitahadharisha kwamba chupa ikipasuka nitatembea Ufaransa nzima na nguo za rangi ya chungwa. Pasta alituombea hadi dereva wa teksi akapiga honi, na njiani kila robot, yaani taa ya barabarani, ilitukamata ikiwa nyekundu. Mume wangu alilibeba begi langu mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. "Usijifanye unajua kila kitu," akaniambia. Nikamwambia asijali.

Asubuhi iliyofuata, Paris. Chupa ilifika salama. Mimi ndiye niliyeanza kuvuja: jasho, kwa sababu nilikuwa nimevaa makoti mawili ya baridi ya Joburg na huko kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. Kifaransa chetu cha Bukavu tulifundishwa na masista, na masista hawakumaliza sentensi bila kuinama. Nilimwendea kijana wa treni nikamwambia, "Mheshimiwa bwana, ningekuwa na furaha kubwa kama ungekubali kunielekeza kwenye treni yangu." Alinitazama kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa marehemu babu yake. Kisha akasema kitu kifupi sana, maneno yote yameliwa katikati, akanyoosha kidole. Nilikifuata kidole.

Alasiri, kituo kidogo cha mashambani. Nilishuka peke yangu. Pembeni palisimama mama mfupi mwenye viatu vya mpira, suruali yenye udongo magotini na gari lenye harufu ya kuku. Alinikagua kuanzia makoti hadi sanduku.

"Wewe ndiye mtaalamu?"

Ningeweza kusahihisha mambo palepale kituoni. Nikasema, "Ndiyo, Madame."

Wiki za kwanza. Bustani ilizungukwa na ukuta mrefu wa mawe. Ndani yake kulikuwa na vitalu vya mraba, kila kimoja na uzio wake mfupi wa vichaka uliokatwa sawasawa kama nywele za askari, na kila mmea ulikuwa na kibao cha jina lake kwa Kilatini. Madame Odile alipanda kwa kamba na rula. Aliishi na kaka yake, Monsieur René, mzee mpole aliyestaafu kazi ya posta na asiyesikia vizuri kwa sikio la kushoto. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuzunguka na Monsieur René na ndoo, tukiokota konokono wasio na nyumba. Alikuwa akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Kwa kuwa niliitwa mtaalamu, sikuuliza kitu. Siku ya pili nilishika kwa mikono mitupu majani fulani ya ukutani, nikang'oa shada zima, na mikono ikaniwaka hadi kwenye viwiko. Kumbe ni majani yanayowasha, na Madame anayafuga makusudi ili ayaloweke yawe mbolea. Nilitabasamu nikasema, "Kwetu tunayang'oa hivihivi." Jioni niliposema nimepanda maharage kwa nafasi ya sentimita "septante", ndugu hao wawili walitazamana kwa mapenzi makubwa. Sisi tulifundishwa namba za Wabelgiji. Wafaransa kwa sabini husema sitini-na-kumi, na wala hawaoni tabu. Na jua lao! Tulikula chakula cha usiku saa tatu nalo likiwa bado linatukodolea macho dirishani.

Wiki ya tatu Madame aliniambia "nizipunguze" karoti changa. Neno alilotumia nililielewa kwamba nisafishe. Nikasafisha. Mstari mzima. Monsieur René alinikuta nimesimama na karoti mia zenye unene wa uzi mkononi. Alichukua mbegu mfukoni, akapiga magoti, tukapanda upya pamoja, na Madame alipouliza, akamjibu bila kupepesa jicho, "Sungura."

Mwezi wa Julai. Sasa nilikuwa nimezoea, na kuzoea ndiko kulikoniponza. Jumapili ya mwisho ya mwezi Madame hufungua lango, watu wa vijiji vya karibu waje kutembea bustanini. Ndiyo siku yake kubwa ya mwaka. Kwa wiki nzima alikuwa akikwangua moss, ule ukungu wa kijani, kwenye ngazi kwa kisu cha mezani.

Siku kumi kabla ya Jumapili hiyo, ndugu hao wawili walikwenda mjini kumwona daktari wa masikio, nikajitolea kupika chakula cha jioni. Nilikuwa nimekula viazi na jibini kwa miezi miwili. Na kando ya lango, katika kitalu kirefu, kulikuwa na kitu nilichokuwa nikikitazama tangu Juni: lenga-lenga. Wakenya wa kanisani kwetu huiita mchicha. Ilikuwa ya majani mekundu, mistari miwili, imefika magotini, laini, imenona. Nilishangaa jinsi wanavyoiacha. Bukavu, mwanamke akiacha lenga-lenga zifike pale bila kuzivuna, majirani wangeuliza kama anaumwa. Nikachukua kisu nikavuna mistari yote miwili. Nilivuna vizuri, chini kabisa, kama mama yangu alivyonionyesha.

Nilitoa chupa yangu ya mawese. Nikaanza na kitunguu na nyanya, nikatia lenga-lenga zangu na karanga za kusaga, nikasonga bugali kwa unga wao wa mahindi wa manjano. Jikoni kulinukia hadi nikaona haya kwa furaha.

Walirudi na njaa. Monsieur René alimaliza sahani, akaipangusa kwa mkate, akaomba tena. Madame Odile, ambaye hula kama ndege, naye akaomba tena.

"Espérance," akaniita kwa jina langu, "ni mboga gani hii?"

"Lenga-lenga, Madame. Ya bustanini kwako."

"Sina mboga ya jina hilo."

"Ile ya langoni. Nyekundu."

Aliweka uma mezani. Alinyanyuka akatoka, kitambaa bado kiko shingoni. Kwa dirisha tulimwona akivuka ua, akafika langoni, akasimama. Alisimama muda mrefu. Monsieur René alishusha mkono uliobeba mkate. "Yalikuwa maua," akaninong'oneza kwa sauti ya kiziwi, ambayo ilisikika nyumba nzima. "Ndiyo maua ya mlangoni. Watu huja kuyaona hayo kwanza. Ameziotesha mbegu zake dirishani tangu Machi."

Madame alirudi. Aliketi. Aliitazama sahani yake.

"Yamekwisha katwa," akasema polepole. Akachukua uma akamaliza vyote, hadi jani la mwisho. Kisha akaenda chumbani kwake bila kuniaga.

Siku tatu zilizofuata hakuniambia ila "ndoo" na "kamba". Kazi nilifanya, lakini kichwani nilikuwa nimeshapanga sanduku. Nilimfikiria Mwalimu Wanjiru mbele ya kamati yake. Niliwafikiria akina mama waliochanga nauli, nami nirudi na habari ya kwamba nimeila staji yangu kwa bugali. Furaha alipopiga simu nilimwambia kila kitu kiko sharp. Akaniuliza mbona sauti yangu imekuwa nyembamba.

Siku ya nne, asubuhi, kibandani kwa zana. Nilimkuta Madame akinoa mkasi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa cha masista, ila mdomo ukatoa kitu kingine.

"Mimi si mtaalamu," nikamwambia. "Mimi ni msusi. Nalima mboga nyuma ya kanisa. Niliandika mtaalamu kwa sababu niliogopa hutanichukua, halafu nikaogopa kuuliza kwa sababu niliandika mtaalamu."

Aliendelea kunoa. "Na karoti?"

"Na karoti pia."

"René aliniambia sungura."

"Sungura alikuwa mimi, Madame."

Mkasi ulisimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko alichokifungia siku tatu. Alicheka akakaa juu ya gunia. Alipopata pumzi alijifuta macho, akanitazama bila mzaha. "Nimeyapanda maua hayo miaka thelathini. Sikujua yanaliwa. Ulipita kando yake kila siku kwa miezi miwili, nami sikukuuliza hata siku moja kwenu mnayaitaje." Kisha akasema, "Lakini nimekukasirikia sana. Hilo ujue."

"Najua."

"Vizuri. Twende langoni, unionyeshe ulivyokata."

Tulipiga magoti pamoja. Kwenye kila kishina palikuwa na vichipukizi viwili vitatu vyekundu, vidogo kama kucha. Nikamweleza kwamba ukiikata hujaiua. Unaifanya itoe matawi, unaivuna tena na tena. Alichukua daftari lake akaandika. Tangu asubuhi hiyo na mimi nikaanza kuuliza, na nilipoanza sikuishia. Niliuliza kwa nini kamba, kwa nini mwezi huu na si ule, jina la kila mdudu. Monsieur René alinigeuzia sikio zima ili asipitwe.

Jumapili ya mwisho ya Julai. Wageni walifika, na cha kwanza kukiona ni kitalu chenye vichaka vifupi vifupi visivyofika kifundo cha mguu. Mama mmoja mwenye kofia akauliza, "Odile, maua yako yako wapi?"

Nilitafuta pa kujificha. Madame Odile alinishika kiwiko akanisogeza mbele. "Tumeyala," akasema. "Mimi nimekula sahani mbili." Kisha akaniacha mimi nieleze. Nilieleza mchana kutwa, Kifaransa changu kikiinama na kuinuka, na watu wakataka kujua inapikwaje, na mama wa kofia akaondoka na mbegu.

Katikati ya Agosti, safari ya kurudi. Kituoni Madame alinikabidhi bahasha. Niliifungua treni ilipoondoka. Ndani mlikuwa na cheti changu: aliandika kazi zote nilizojifunza, kwa mpangilio, kwa rula kama kawaida yake. Chini akaongeza kwa mkono: "Ni mfanyakazi hodari na mpishi bora. Alipofika alikuwa haulizi. Sasa anauliza kupita kiasi, nami nampendekeza bila shaka yoyote."

Johannesburg, juma lililofuata. Mwalimu Wanjiru alikitafsiri cheti hicho mbele ya kamati. Alipofika sentensi za mwisho mzazi mmoja alisema, "Eish, alikuwa haulizi nini?" Ikabidi niwasimulie yote, na lenga-lenga, na uma, na sungura. Walicheka, wakanipa kazi ya majaribio ya muhula mmoja.

Jumatatu asubuhi nilifika shuleni na jembe. Kipande cha bustani kilikuwa nyuma ya madarasa, kimeota nyasi kavu za baridi, na ndege wawili aina ya hadeda walikuwa wakichokoa udongo kwa midomo yao mirefu. Nilikwisha chagua pa kuanzia: pale kwenye kona, palipokuwa na kijani kidogo. Mzee Dlamini, mtunza shule, alikuwa akifagia, akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikaenda kwake kwanza. Kwa Kizulu changu cha kuokoteza nikamwuliza, "Baba, udongo huu unaujuaje?"

Aliegemeza ufagio ukutani. Alisema amekaa hapo miaka ishirini na miwili na waliotangulia wote walianza na jembe. Akanionyesha maji ya mvua yanaposimama, kivuli kinapofika saa nane, ukuta unaohifadhi joto. Tulipofika kwenye kona yangu ya kijani akagonga chini kwa kisigino.

"Na hapa," akasema, "chini kidogo tu, ndipo linapopita bomba la choo cha shule nzima. Limepasuka kidogo. Ndiyo maana nyasi zimenona."

Nikaliweka jembe chini polepole, mbali na kona ile, nikatoa daftari, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo.