Naulizwa Naishije, Mume Wangu Anajibu Alhamdulillahi

Admin, nifiche vizuri na kijiji usikitaje, maana huku upande wa Micheweni mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina mume na watoto wakubwa, na kazi yangu tangu usichana ni kulima mwani. Nasema ni kazi yangu, sisemi ilikuwa.

Mwaka jana nilipatwa na mshtuko wa moyo nikiwa naanika mwani uwanjani. Nikakimbizwa hospitali Chake Chake, nikalazwa, Mungu akaniachia roho yangu. Siku ya kutoka daktari alinielekeza, mume wangu kasimama hapo hapo: dawa nisiache, mizigo mizito nisibebe, lakini nisilale tu. Nitembee, na nikipata nguvu nirudi kwenye kazi nyepesi kidogo kidogo. Mume wangu alisikia lile la mizigo tu, mengine yakampita.

Basi nikawa yai. Maji nachotewa, kitanda natandikiwa, nikisimama mlangoni naulizwa nataka nini. Shamba langu la mwani akapewa mke wa mwanangu. Yeye simlaumu, kapewa kapokea. Lakini shoga zangu wanapita kwenda pwani wanacheka, na mimi niko barazani nimekunjwa kama jamvi. Nilikuwa nalia, na nikilia naambiwa nisijitie maradhi tena.

Sasa kuna muuguzi anayezunguka majumbani kuwauliza waliougua moyo wanaishije. Hapimi presha tu. Anauliza unalalaje, una hofu gani, unafanya kazi gani, umeridhika kiasi gani na maisha yako, kisha majibu yanatiwa alama. Alipokuja mara ya kwanza mume wangu alikaa katikati yetu, na kila suali akalijibu yeye: "Alhamdulillahi." Kwetu mgonjwa akiulizwa hali hujibu hivyo hata kama yuko taabani, kulalamika ni kama kumkosea Mungu. Na mimi nikaitikia, "Alhamdulillahi." Muuguzi wa watu akaandika kuwa nimeridhika kabisa, akatupongeza kwa alama za juu. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo mume wangu ananiambia, "Hospitali wenyewe washakupima, maisha yako mazuri. Wataka nini tena?"

Wiki iliyopita muuguzi karudi. "Bi Mkubwa, umeridhika na maisha yako?" Mume wangu keshavuta pumzi ajibu. Nikamwambia, "Ngoja, mume wangu. Hili suali naulizwa miye." Nikamgeukia muuguzi: "Mwanangu, ile Alhamdulillahi ni ya Mungu, namshukuru kwa uhai alonipa. Weye waniuliza maisha yangu, na maisha yangu sinayo, kayafungia huyu hapa. Andika sikuridhika hata kidogo."

Muuguzi akaandika, tena akampigia daktari simu pale pale, sauti ikasikika nyumba nzima: kukaa nikafunga mbegu za mwani kwenye kamba naweza, kubeba magunia marufuku. Nilitamani kupiga kigelegele.

Alipoondoka tu, mume wangu akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Ukitia mguu pwani, ukirudi usinitafute." Najua anaogopa. Yeye ndiye aliyenikuta chini siku ile, yeye ndiye aliyenibeba mpaka kwenye gari, na mpaka leo nikichelewa kuamka huja kusikiliza kama napumua. Ni mume mwema na nampenda. Lakini hofu ni yake, anayefungiwa ni mimi, na hilo silikubali tena. Wanangu nao wananilaumu, wanasema mama kaota pembe uzeeni. Acha ziote.

Jumatatu maji yanatoka sana, mashamba ya mwani yatabaki wazi, na nitakwenda. Nitakaa nifunge mbegu na shoga zangu, magunia watabeba wenye moyo mzima. Nikichoka nitapumzika, dawa zangu nitakunywa kama nilivyoambiwa.

Nishaurini, ndugu zangu: nizungumze nae vipi mume huyu asinikimbie, na mimi nisimuombe ruhusa ya kuishi? Ila wewe uliyejiandaa kunishauri nitulie nyumbani, usijisumbue kuandika. Nilishatulia, na huko kutulia kulikaribia kunitoa roho kuliko ule mshtuko.