Moshi Chini ya Zulia la Asanaly

Saa mbili asubuhi, baridi ya mji wa Bishkek inang'ata masikio, na fundi Turdubek Jeenbaev tayari yuko ndani ya shimo la gereji yake, tochi mkononi. Juu yake limesimama gari kuukuu la Asanaly, dereva wa teksi, lililofeli kipimo cha moshi jana.

"Fundi wangu, nifinyie tu kabureta kidogo, moshi upungue," Asanaly anambembeleza. "Nikishapita, tunailegeza. Si wote wanafanya hivyo?"

"Wote ndio nani? Nitajie mmoja nimchape spana," Turdubek anajibu kutoka shimoni.

Mtaani anajulikana kwa hilo: ujanja wa siku ya kipimo hafanyi, hata wiki ipite bila mteja. "Mke wangu ananiita kichwa ngumu," anasema, "na hajakosea."

Kabureta anaikuta imechakaa, inamwaga petroli ovyo. Hilo alilitarajia. Kisha analipapasa bomba la moshi kuelekea nyuma, na chini ya kiti cha abiria mkono unasita. Bomba limeoza, limepasuka. Sakafu ya gari juu yake nayo imetoboka.

Anatoka shimoni, anafungua mlango wa nyuma na kunyanyua zulia zito la sufu ya kondoo, ambalo mke wa Asanaly alilitengeneza ili wajukuu wasipigwe baridi. Upande wa chini ni mweusi tii.

"Nani hukaa hapa?"

"Saikal, mjukuu wangu. Yule anayetapika garini," Asanaly anasema, bado anacheka. "Bibi yake humpa kuruti anyonye, yale maziwa makavu yenye chumvi, lakini wapi! Akifika shuleni kichwa kinauma, anasinzia. Deko tu."

"Na madirisha?"

"Baridi yote hii? Tunafunga."

Turdubek analivuta zulia lote nje ya gari.

"Asanaly, mtoto anavuta moshi wa gari. Huu humuua mtu usingizini, nanyi mkadhani amelala."

Asanaly anakaa kwenye tairi, kinywa wazi. "Toba! Wiki iliyopita alilala njia nzima. Nikamwambia bibi yake, leo angalau hajatapika. Nilifurahi, fundi. Nilifurahi!"

Kabureta haikufinywa. Ilifumuliwa na kuwekewa vipuri vipya, bomba likabadilishwa lote, sakafu ikachomelewa, na gari likapita kipimo bila ujanja. Daktari alimpima Saikal, akasema yu salama.

Sasa Turdubek amepanga kunyanyua mazulia ya teksi zote za mtaa, bure, kabla theluji ijayo haijaanguka. Lile jeusi amelitundika mlangoni pa gereji. Anayeomba ujanja huoneshwa hilo kwanza.

Gari halina shida tena, Asanaly anasema. Mwenye shida ni yeye.

"Juzi Saikal alisinzia kule nyuma. Nikasimama katikati ya barabara, watu wananipigia honi, nikamtikisa. Akanijia juu: 'Babu, nilikuwa nalala tu!' Nikalia kama mjinga."

Anatumaini iko siku atamwacha alale hadi shuleni.