Niko Fiti, Afande

Leo nimelala sakafuni ofisini mwa mtu, na sijalewa.

Mnanijua. Nimestaafu jeshi, lakini mgongo umekataa kustaafu. Hospitali wameniambia hautapona kabisa, nitafute mshauri wa kunisaidia kuishi nao.

Wa kwanza alinihubiria.
Wa pili alitaka Kiingereza. Mimi naumwa kwa Kiswahili!

Leo nikampata wa tatu, mama mmoja Mkongomani, pale Kabalagala.

Alivyoingia tu ofisini mwake, nikasimama wima kama niko paredi, mgongo unawaka moto.

"Papa, unajisikiaje?"

"Niko fiti, afande!"

Banange! Nimetoka nyumbani kwenda kumdanganya mtu wa kunisaidia.

Hakucheka. Akatandika mkeka.
"Hapa hakuna afande, papa. Kaa vile mgongo unataka."

Mgongo ulitaka kulala. Nikalala. Tukaongea mpaka saa yetu ikaisha, mimi natazama dari. Wiki ijayo narudi.

Nimefika nyumbani Makindye, mke wangu akauliza kama kila siku, "Mgongo unasemaje?"

Nikamjibu, "Unauma."

Akaweka sufuria chini, akaja kukaa karibu nami.
"Afadhali leo umesema."

Haya, nani mwingine hapa yuko "fiti"?